Waandishi wa Roma ya kale katika mabishano ya dini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa seminari, walimu wa dini na wasomaji wengine wanaokutana na jina la Cicero au Seneca ndani ya kitabu cha teolojia, wakashangaa limefikaje humo. Yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye yenye utata. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi. Fuata namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Ni waandishi gani hasa wanaozungumziwa?

Watatu ndio hutajwa zaidi. Cicero (106–43 KK) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa aliyeandika falsafa kwa Kilatini wakati wasomi wa Roma walizoea kuisoma kwa Kigiriki. Lucretius, aliyeishi zama zilezile, alitunga utenzi mrefu wa vitabu sita unaoeleza ulimwengu wote kwa atomi na nafasi tupu. Seneca alikuwa mwalimu wa Kaisari Nero, na Nero huyohuyo akamlazimisha kujiua mwaka 65 BK.

Nyuma yao yupo Varro, mtaalamu wa ibada za Kirumi. Kazi yake kubwa juu ya dini imepotea, na mengi tunayoyajua kuihusu tunayajua kwa sababu Augustino aliinukuu ili aipinge. Jambo hili litajitokeza tena na tena hapa chini: sehemu nzuri ya maandishi haya imetufikia kupitia mikono ya watu waliokuwa wakibishana nayo.

2. Kitabu cha Cicero juu ya asili ya miungu kinasema nini?

Alikiandika mwaka 45 KK, mwaka uleule aliofiwa na binti yake Tullia, wakati Julius Caesar ameishika dola na Cicero hana tena nafasi katika siasa. Ni kitabu cha mazungumzo. Watu watatu wanakutana nyumbani kwa Cotta siku za sikukuu. Velleius ni Mwepikureo: miungu ipo, lakini inaishi kwa raha zake na haijishughulishi na wanadamu. Balbus ni Mstoiko: ulimwengu unaongozwa na akili ya kimungu inayoutunza. Cotta ni mfuasi wa Akademia, shule iliyopima hoja za kila upande bila kudai kwamba imefikia uhakika, naye anawabana wote wawili. Cicero, akiwa bado kijana, amekaa pembeni anasikiliza.

Cotta huyo ni kuhani wa dini ya dola. Anasema waziwazi kwamba akiwa kuhani anaishika dini ya mababu kwa kuwa ni mababu walioiacha, na hilo linamtosha. Lakini mwanafalsafa akija na madai yake, atamdai sababu. Pengine anasema kwamba kukana miungu ni kazi ngumu mbele ya mkutano wa hadhara, ila katika kikao cha watu wachache kama kile ni rahisi mno. Wasomaji wa kila dhehebu, na wasio na dhehebu, wamerudi kwenye maneno hayo kwa karne nyingi.

3. Je, hao ndio Waepikureo na Wastoiko wa Matendo ya Mitume sura ya 17?

Ndiyo, shule ni zilezile. Tena upo uhusiano wa karibu zaidi. Paulo anapowaambia watu wa Athene "sisi sote tu wazao wake", anatumia maneno ya mshairi Aratus. Utenzi huohuo wa Aratus Cicero aliutafsiri kwa Kilatini ujanani mwake, na Balbus anaukariri kwa kirefu katika kitabu cha swali la 2. Mtume na mtetezi wa miungu ya Roma walikuwa wakichota kwenye kisima kimoja.

## Kanisa la karne za mwanzo

4. Si Wakristo wa kwanza waliwakataa wapagani na vitabu vyao?

Walivutana, na wakati mwingine mvutano ulikuwa ndani ya mtu mmoja. Tertuliano aliuliza Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu. Ni yeyeyule aliyeandika kwamba Seneca "mara nyingi ni wetu". Yeronimo anasimulia katika barua ya mwaka 384 kwamba aliugua hadi karibu na kufa, akajiona amesimamishwa mbele ya Hakimu. Akaulizwa yeye ni nani. Akajibu, "Mkristo." Akaambiwa, "Mwongo. Wewe ni mtu wa Cicero, si wa Kristo. Kwa maana hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako." Akachapwa viboko, akaapa kutoshika tena vitabu vya kidunia. Miaka ikapita, na Rufinus, rafiki aliyegeuka hasimu, akamwumbua hadharani: mbona kila ukurasa wako una Cicero?

Kwa Augustino mambo yalikwenda kinyume. Alikuwa na umri wa miaka 19, akisoma Karthago, alipokutana na kitabu cha Cicero kiitwacho *Hortensius*, kinachowaita watu kwenye falsafa. Katika *Maungamo* anasema kitabu hicho kilibadili hisia zake na kuzigeuza sala zake kumwelekea Bwana. Kitabu chenyewe hakipo tena, isipokuwa vipande.

Wapagani nao waliliona hilo. Arnobius, mwandishi Mkristo, anaeleza kwamba wapo wapagani waliotaka Seneti iamuru vitabu vya Cicero viharibiwe, maana vinawapa Wakristo silaha. Jibu lake lingefaa kusomwa leo kila mahali panapozuka wito wa kuchoma kitabu: onyesheni kwa hoja kwamba amekosea, kwa sababu kufuta maandishi si kuitetea miungu, ni kuuogopa ushahidi wa ukweli.

5. Kwa nini majina haya mengi ni ya Afrika Kaskazini?

Kwa sababu maandishi ya Kikristo ya Kilatini yalishika mizizi huko mapema, wakati Kanisa la mji wa Roma lenyewe bado likitumia Kigiriki kwa mengi. Tertuliano alikuwa wa Karthago. Arnobius alifundisha Sicca, leo El Kef nchini Tunisia, na Lactantius alikuwa mwanafunzi wake. Augustino alizaliwa Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria. Shule za huko zilifundisha ufasaha wa Kilatini, na kigezo cha ufasaha kilikuwa Cicero. Nasikitika kila ninapoona historia hii ikisimuliwa kana kwamba ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka wamisionari walipotia nanga kwetu.

6. Ni kweli Seneca na Mtume Paulo waliandikiana barua?

Hapana. Zipo barua 14, ila zilitungwa na mtu mwingine, kwa kukadiria katika karne ya 4. Yeronimo alizijua, na kwa sababu ya barua hizo akamweka Seneca katika orodha yake ya waandishi wa Kanisa. Zilisadikiwa kwa muda mrefu hadi Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, alipozikataa katika toleo lake la Seneca la mwaka 1529.

Uzushi huo ulikuwa na pa kushikia. Galio, yule liwali wa Akaya aliyekataa kusikiliza mashtaka dhidi ya Paulo katika Matendo 18, alikuwa ndugu wa Seneca, baba mmoja mama mmoja.

## Hoja zenyewe

7. Hoja ya saa na fundi wake ilianza na William Paley?

Paley aliipa umaarufu mwaka 1802: ukiokota saa porini utajua ina mtengenezaji, basi vivyo hivyo ulimwengu. Ila Balbus alikwishaitumia. Ukitazama saa ya jua au saa ya maji, anasema, unajua inaonyesha wakati kwa ufundi na si kwa bahati. Iweje ulimwengu, wenye ufundi huo na mafundi wenyewe ndani yake, uwe hauna akili? Anataja chombo alichokiunda Posidonius, ambacho kila kikizungushwa kilionyesha mwendo wa jua, mwezi na sayari tano. Kipeleke Uingereza, anasema, kwenye ushenzi huo. Nani huko atatilia shaka kwamba kimeundwa kwa akili? Paley, Mwingereza, alikuja kujibu swali hilo baada ya zaidi ya miaka 1,800. Balbus anaongeza mfano wa herufi: mwaga chini herufi nyingi za dhahabu, uone kama zitajipanga kuwa utenzi unaosomeka wa Ennius, mshairi wa kale wa Roma. Hata mstari mmoja, anasema, ana shaka nao.

Jibu la Cotta watu husahau kulinukuu, nami naliona ndilo zito zaidi katika kitabu kizima. Kama kila kinachorudi kwa wakati wake ni cha kimungu, basi tuseme homa zile zinazorudi kila siku ya tatu au ya nne nazo ni za kimungu, maana ni kipi kinachoshika zamu kuliko hizo? Hapo anazungumzia malaria, iliyokuwa ikiisumbua Roma. Msomaji aliyewahi kulala na homa inayopanda kwa saa yake anaelewa uzito wa swali hilo. Utaratibu upo, Cotta anakubali; hakubali kwamba utaratibu peke yake unathibitisha nia njema. David Hume, mwanafalsafa wa Skotlandi wa karne ya 18, aliipanua hoja ya namna hiyo (swali la 14).

8. "Hakuna taifa lisilomjua Mungu." Usemi huu umetoka wapi?

Kwa Kilatini ulienezwa na Cicero. John Calvin, akieleza kwamba kila mwanadamu ana hisia ya Mungu moyoni, anamtegemea "yule mpagani" aliyesema hakuna taifa la kishenzi kiasi cha kukosa imani hiyo. Hoja hiyo imo kinywani mwa Velleius, Mwepikureo. Calvin aliwachukia Waepikureo, na bado aliichukua. Cotta naye alimwuliza Velleius papo hapo: umeyajuaje maoni ya mataifa yote?

Swali la Cotta lilifufuka meli za Ulaya zilipofika mbali. Mwaka 1690 John Locke alitaja taarifa za wasafiri kuhusu watu wa Brazili na wa ghuba ya Soldania, huko Afrika Kusini, waliodaiwa kutokuwa na wazo lolote la Mungu. Taarifa nyingi za aina hiyo ziliandikwa na watu wasiojua lugha ya wenyeji. Kwetu, John Mbiti wa Kenya alilichukua swali hilohilo kwa mbinu tofauti: alikusanya mawazo juu ya Mungu kutoka karibu makabila 300 ya Afrika.

9. Na lile swali la Mungu na uovu, kwamba ama hawezi ama hataki?

Hudhaniwa ni maneno ya Epikuro mwenyewe, Mgiriki aliyeanzisha shule ya Waepikureo, lakini hayamo katika maandishi yake yoyote yaliyobaki. Tunayapata kwa Lactantius, Mkristo, katika kitabu chake juu ya hasira ya Mungu: Mungu anataka kuondoa uovu na hawezi, au anaweza na hataki, au hataki wala hawezi, au anataka na anaweza, basi uovu unatoka wapi? Lactantius anajibu kwamba Mungu anaweza, ila ameuacha uovu kwa kuwa bila kuujua mtu hawezi kupata hekima ya kuchagua wema. Waliomfuata walichukua swali lake wakaliacha jibu lake. Hume alilirudia kwa ufupi likawa maarufu kuliko kitabu kilicholihifadhi.

10. Mungu akijua ya kesho, mtu ana hiari gani?

Kwa Cicero, kama yajayo yanajulikana kwa hakika, basi sababu zake zimekwisha kupangika, na kama zimepangika hakuna kilicho mikononi mwetu. Sheria, lawama, sifa na maonyo vyote ni bure. Alipoona lazima achague, alichagua hiari. Augustino, katika kitabu cha tano cha *Mji wa Mungu*, anamjibu kwa ukali: alitaka kuwafanya watu huru, akawafanya wakufuru. Suluhisho lake ni kwamba nia zetu zenyewe ni miongoni mwa sababu anazozijua Mungu. Kujua kwake kwamba nitachagua hakuniondolei kuchagua.

Boethius alilirudia swali akiwa kifungoni karibu mwaka 524, akisema Mungu haoni "kabla", anaona yote kwa pamoja. Lorenzo Valla akampinga katika karne ya 15. Kisha Erasmus na Martin Luther wakagongana, 1524 na 1525. Erasmus alipendelea kuacha mambo ya giza bila kuyatolea hukumu, mwendo wa Akademia kabisa. Luther akamjibu kwamba Roho Mtakatifu si mtu wa mashaka.

11. Cicero alisema nini kuhusu uaguzi na shuhuda za miujiza?

Alikuwa mwaguzi rasmi wa dola, mwenye kusoma ishara za ndege, na bado mwaka 44 KK alitoa kitabu ambacho nusu yake ya pili inabomoa uaguzi kipande kwa kipande. Humo anakumbusha neno la Cato, aliyeshangaa kwamba msoma maini ya wanyama hacheki akimwona msoma maini mwenzake. Wakristo walilitumia dhidi ya mahekalu ya wapagani. Katika karne ya 18 wapinzani wa Ukristo waliligeuza dhidi ya unabii wa Biblia.

Hadithi ninayoipenda zaidi imo katika kitabu cha swali la 2. Diagoras, aliyeitwa mkana Mungu, alionyeshwa huko Samothrace picha za nadhiri za mabaharia waliookoka dhoruba, akaulizwa kama bado anadhani miungu haiwajali watu. Akasema: waliozama hawajachorwa popote. Francis Bacon aliichukua mwaka 1620 kuwa onyo kwa kila mchunguzi: usihesabu waliopona tu.

## Kuanzia karne ya 15

12. Kwa nini Lucretius aliogopwa kuliko wenzake?

Kwa sababu hakuacha mlango wazi. Roho inakufa pamoja na mwili, na ulimwengu haukuumbwa kwa ajili yetu. Mapema kabisa anamchora Iphianassa, binti wa mfalme Agamemnoni, aliyeletwa madhabahuni kana kwamba anaolewa, kumbe ni kutolewa kafara, akamwona baba yake ana huzuni na watumishi wanaficha kisu kando yake. Binti anapiga magoti, ulimi umeganda, na hakuna cha kumsaidia kwamba yeye ndiye mtoto aliyetangulia kumwita mfalme "baba". Halafu unakuja mstari uliokaririwa kuliko yote: maovu makubwa namna hii dini imeweza kuyashawishi.

Poggio Bracciolini aliipata nakala yake mwaka 1417 katika nyumba ya watawa nchi za Ujerumani. Huko Florence makleri walipiga marufuku kusomeshwa kwake shuleni mwanzoni mwa karne ya 16. Toleo la Kilatini halikuwahi kuwekwa katika orodha ya Roma ya vitabu vilivyokatazwa. Tafsiri ya Kiitaliano ndiyo iliwekwa, mwaka 1718. Kilichohofiwa ni msomaji asiyejua Kilatini.

Wengine walipambana naye kwa kumsoma. Padri Pierre Gassendi alizichukua atomi za Epikuro akasema Mungu ndiye aliyeziumba. Lucy Hutchinson, Mpuritani, alimtafsiri wote kwa Kiingereza. Kardinali Melchior de Polignac alitunga utenzi mzima wa Kilatini wa kumkanusha, ukachapwa 1747.

13. Wanamatengenezo ya Kanisa waliwaonaje hawa wapagani?

Hawakukubaliana. Kitabu cha kwanza cha Calvin, cha mwaka 1532, kilikuwa maelezo juu ya Seneca. Zwingli aliandika kwamba mbinguni tutawakuta Sokrate, Cato na Scipio, na Luther akakasirika sana. Lakini Luther mwenyewe alimpenda Cicero na kutumaini Mungu atamrehemu.

14. Hume alichukua nini kwa Cicero?

Jengo zima. *Mazungumzo* yake juu ya dini ya asili, yaliyochapwa 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake, yana wasemaji watatu na kijana msikilizaji. Cleanthes ana jina la mkuu wa kale wa Wastoiko. Philo ana jina la mwalimu wa Cicero katika Akademia. Hata mwisho unafanana. Cicero anafunga kwa kusema kwamba yeye aliyaona maneno ya Balbus kuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa Cotta ndiye aliyeachiwa neno la mwisho. Msikilizaji wa Hume naye anampa ushindi Cleanthes, baada ya Philo kuitikisa kila nguzo. Watu bado wanabishana kama hukumu hizo mbili zilitoka moyoni.

## Maswali yenye utata

15. Basi Cicero mwenyewe aliamini nini?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na ugomvi bora wa kujifunzia ni wa London, mwaka 1713. Anthony Collins alitoa kitabu cha kutetea uhuru wa kufikiri, akimhesabu Cicero miongoni mwa walioukana ushirikina wote. Richard Bentley, mtaalamu mkubwa wa Kilatini na Kigiriki, akamjibu bila huruma: umechukua maneno ya Cotta ukayaita ya Cicero. Katika kitabu cha mazungumzo lazima uulize kwanza nani anasema, anamjibu nani, na mwandishi amejiweka wapi.

Bentley alikuwa sahihi, na kosa hilo si la Collins peke yake. Wahubiri wamemnukuu Balbus, na wakana Mungu wamemnukuu Cotta, wote wakiandika "Cicero asema". Ukikutana na nukuu ya namna hiyo, tafuta jina la msemaji kabla ya kuitumia.

16. Wanazuoni wa Kiislamu nao waliwatumia?

Kwa waandishi hawa wa Kilatini, kwa kweli la. Watafsiri wa Baghdad walifanya kazi kutoka Kigiriki na Kisiria, wakawapata Aristotle na Galen. Cicero na Seneca hawakuwa njiani mwao. Hoja zinazofanana, kama ya utaratibu wa mbingu kuwa ishara, Waislamu walizijenga juu ya Kurani na ilimu ya kalam, yaani teolojia ya Kiislamu inayotumia hoja, hivyo kufanana peke yake kusikupeleke kudai kwamba ziliazimwa.

17. Ni kweli Lucretius alikuwa kichaa?

Habari hiyo inatoka kwa Yeronimo, zaidi ya miaka 400 baadaye: eti alileweshwa dawa ya mapenzi, akaandika nyakati akili zilipomrudia, akajiua. Cicero aliusifu utenzi huo katika barua ya mwaka 54 KK, na hasemi lolote la wazimu. Kisa hicho kiliwafaa sana waliotaka kumpuuza bila kumjibu.

18. Nianze na kipi, na nisome vipi?

Anza na kitabu cha swali la 2, na ukisome chote, pamoja na sehemu ya Cotta, ambayo kurasa zake kadhaa zimepotea. Kisha soma Augustino, *Mji wa Mungu*, kitabu cha tano na cha sita. Katika cha sita anamnukuu Seneca akizishambulia ibada za Roma, halafu anamlaumu kwamba aliendelea kuabudu alichokilaani. Maneno hayo ya Seneca hayapatikani kwingine.

Ukimaliza, tafuta habari za kitabu cha Cicero juu ya dola. Kwa karne nyingi kilijulikana kwa vipande tu, pamoja na ile sehemu mashuhuri juu ya sheria ya kweli iliyohifadhiwa na Lactantius. Mwaka 1819, katika maktaba ya Vatikani, Angelo Mai aliona maandishi yaliyofutwa kwenye ngozi ya kitabu cha zamani, akayasoma: ni Cicero. Juu yake, kwa wino wa watawa, yaliandikwa maelezo ya Augustino juu ya Zaburi.